Kikombe cha Tatu

Jumapili lifti ya jengo letu ilikwama
kati ya orofa ya nne na ya tano,
na wageni wangu wamo ndani:
mzee Habtom na fimbo yake,
Abrehet, shangazi mtu,
na Yonatan wa Stokholmu, mwenye viatu vyeupe
ambavyo matope ya Islii yalikuwa bado hayajavigusa.

Mama alikuwa akipepea makaa.
Akasema, kwa lugha ya kwao, Mungu anawapima.
Nikasema nashuka dukani, bisi hazitatosha.

Sikushuka.
Kwenye ngazi za paa, nyuma ya tangi la maji,
ndani ya gunia lililowahi kuwa la vitunguu,
nina ovaroli, kofia,
na ufunguo wa pembe tatu.
Mwaka wa pili huu, karo ya uhasibu
inasomea breki, kapi na kamba za chuma.
Baba anaichuma karo hiyo kwenye bucha ya mtu,
mfupa kwa mfupa,
nami kila muhula namwonyesha risiti iliyokunjwa
pale penye jina la kozi.

Nikazima umeme.
Nikalegeza breki, nikalizungusha gurudumu kwa mkono,
na chombo kikapanda chenyewe, karibu bila kuombwa,
maana watu watatu, na heshima zao zote,
hawakufikia uzito wa chuma
kinachoning'inia upande wa pili.
Hilo nililijua darasani.
Sikuwa nimewahi kulihisi kiganjani.

Orofa ya tano, nikafungua mlango.
"Asante, kijana," akasema Habtom,
akanitia mkononi noti ya mia
pasipo kuutazama uso chini ya kofia.
Yonatan alikuwa akiitafutia simu yake mtandao.
Abrehet alitazama.

Mafuta ya taa, sabuni, mafuta ya taa tena.
Kucha zangu zinasitiriwa na hina;
nyumbani wameshazoea kwamba naipenda nyeusi.
Nikavaa gauni jeupe lenye tarizi,
nikaketi kwenye kigoda, chini kuliko wote,
nikakaanga buni, nikapitisha moshi
ili kila mgeni auvute kwake kwa mkono.

Cha kwanza mama hukiita *awel*.
Cha tatu, *bereka*.
Awali na baraka: miaka ishirini na mitatu Nairobi,
na hayo ndiyo maneno ambayo mama na jirani yetu Mwanasha
huelewana bila mimi kutafsiri.
Cha kati hakina mwenzake kwa Kiswahili.
Hapo kati ndipo nimelelewa.

Kwetu posa haitajwi kabla ya baraka.
Watu hunywa cha kwanza wakiulizana habari za waliobaki,
cha pili habari za waliovuka,
kisha mzee hukohoa.

Nilipompelekea Abrehet cha pili, hakupokea kikombe.
Alipokea mkono.
Akaugeuza kama anayekagua kitambaa sokoni,
akaunusa, taratibu,
akakuta mafuta ya taa chini ya ubani,
na, kwenye kidole gumba, mstari wa grisi
uliotoroka hina.
Mama alikuwa akimmiminia Yonatan bisi.
Baba alikuwa akitabasamu tangu saa nane.

Makaa niliyachagua mwenyewe asubuhi,
yale ya chini ya gunia, mepesi kama maganda.
Jebena ilikaa juu yake ikanyamaza.
Nikapepea. Nikapepea kwa adabu.
Habtom akakohoa.

"Haya makaa yamekufa," Abrehet akasema kwa sauti,
akijifunga shela. "Na mimi giza hunisumbua macho.
Tutakuja siku nyingine, panapo makaa."
Mama alinitazama, akaitazama jebena, kisha mimi.
Sijui aliona nini.
Aliokota bisi moja sakafuni, akaila.

Wanaume walishuka kwa ngazi, wakishikilia ukuta.
Abrehet alisimama mbele ya lifti.
Akabonyeza, akangoja, akaingia peke yake,
na kabla mlango haujafunga
akanionyesha kidole gumba chake,
akakisugua, kwamba:
hapa, mwanangu, bado pamebaki.